Unene wa Posho

Wiki mbili kabla ngozi ya mdogo wangu haijaanza kubanduka, kambi nzima ilikuwa ikimsifu kwa unene. Wanawake waliopita kwenda mtoni walisimama mlangoni petu, wakamshika mashavu, wakaniambia nimelea vizuri. Mmoja alisema hata mama mzazi asingemnonesha vile. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne, na hilo lilikuwa neno zuri la kwanza kuambiwa tangu tuzike wazazi. Nilikwenda nalo siku nzima.

Baba aliuawa na mti. Alikuwa akikata miwati kwenye shamba la Mzungu upande wa Moiben, na mti mmoja ulipoanguka shina liliruka nyuma likampiga kifuani. Wenzake walimleta wamemlaza juu ya mlango wa stoo. Nilimfungua shati kwa sababu mama hakuweza, nikaona mbavu mahali ambapo mbavu hazikai. Mama alifuata msimu wa mavuno, kwa kichomi. Kitinda mimba wetu alikuwa bado ananyonya, na mama alipokata roho yeye alikuwa kwenye titi. Wanawake walimvuta, naye akang'ang'ania kwa ufizi, wakamvuta tena kwa nguvu hadi akaachia. Mlio alioutoa siku ile nausikia mpaka leo.

Tulibaki watatu: mimi, dada yangu wa miaka minane, na yule mtoto ambaye hakuwa hata na mwaka. Niliacha shule ya misheni nikiwa ndiyo kwanza nimeanza kusoma bila kufuata mstari kwa kidole. Baba mdogo alituchukua kibandani kwake, kwa maana kambini hakukaa mtu asiye na mwenye kipande cha kazi wa kumsimamia. Yeye alikuwa nyapara wa nyumba ya maziwa. Alitoka magharibi pamoja na baba kutafuta kazi, akapanda cheo, akapewa koti na kiboko. Mke alikuwa naye, akamkimbia kwa sababu ya mkono wake. Alitupiga jinsi watu wengine wanavyokohoa. Hakuhitaji hasira. Lakini hakutufukuza, na wapo jamaa waliotukataa kwa maneno matamu.

Miezi ya kwanza mtoto aliishi kwa maziwa ya jirani. Ng'ambo ya bwawa walikaa maskwota, wenyeji wa nchi hii, ambao Bwana, yule Mzungu mwenye shamba, aliwaruhusu kufuga ng'ombe wao wachache kwa malipo ya kazi. Mama mmoja wa huko alimwona mtoto akinyonya kona ya shuka langu. Kuanzia siku hiyo alinipa maziwa kila asubuhi katika kibuyu kilichonuka mkaa wa mti wao wa kusafishia. Nilimlipa kwa kuni. Mtoto alitambaa, akasimama, akajifunza kurusha vitu. Alinirushia kila alichoshika.

Kisha Bwana akaamua kwamba ng'ombe wa maskwota wanamaliza majani yake. Askari walikuja asubuhi wakiwa na farasi na mbwa. Nilikuwa ng'ambo na kibuyu mkononi. Waliwasukuma ng'ombe kuelekea barabarani kwa fimbo na mayowe, na wanaume wakasimama kando kwa sababu walishaambiwa atakayegusa mnyama atafungwa. Mzee mmoja hakuvumilia. Alishika fahali wake pembe. Askari alimpiga kwa kitako cha bunduki mdomoni, akakaa chini polepole, akatema meno kiganjani na kuyaangalia. Ng'ombe mmoja aliyekuwa amezaa jana yake alikataa kumwacha ndama. Walimpiga fimbo puani, akakataa. Walimfungulia mbwa, akamrusha mmoja kwa pembe. Mwisho Mzungu aliyekuwa juu ya farasi akampiga risasi. Alianguka kwa magoti, maziwa yakimtoka, na ndama akaenda kunyonya.

Yule mama alikuwa kando yangu. Alichukua kibuyu changu kikiwa kitupu, akakipiga kwenye jiwe, akakipiga tena mpaka hakikubaki kipande cha kupiga.

"Nenda nyumbani," akaniambia. "Hii mtoto yako itakula posho sasa."

Wiki haikwisha, wakahamishwa. Sikumwona tena.

Tukala posho. Kila Jumamosi wafanyakazi walipanga foleni stoo wakapimiwa unga wa mahindi, chumvi kidogo, na maharagwe. Posho ya baba mdogo ilikuwa ya mtu mmoja, nasi tulikuwa wanne. Hofu yangu ilikuwa moja tu: mtoto asilale njaa. Unga ulipokaribia kwisha Alhamisi nilikosa usingizi. Basi mke wa mchunga nguruwe, aliyekaa kibanda cha pili, akanipa shauri. Maharagwe yanakula kuni siku nzima, alisema, na yanamtia mtoto mdogo upepo tumboni. Yeye alikuwa na unga wa ziada. Tubadilishane: mimi nimpe maharagwe, yeye anipe unga.

Niliona nimepata bahati. Kila Jumamosi nilimpelekea maharagwe yetu yote, nikarudi na unga. Nikampikia mtoto uji asubuhi, ugali mchana na ugali jioni, na alipokataa nilimlainishia kwa maji ya chumvi nikamsukumia. Mimi na dada yangu tulichuma mboga za porini zilipokuwapo, lakini yeye alizitema, nami sikumlazimisha. Tumbo lake lilikuwa gumu kama ngoma. Nililipiga kwa vidole nikasikia limejaa, nikalala.

Aliacha kwanza kurusha vitu. Hilo sikulijali, nilifikiri amekua. Kisha akawa anakaa pale nilipomweka. Nikimweka mlangoni asubuhi, mchana namkuta mlangoni, nzi machoni, hawafukuzi. Nywele zake zikageuka rangi ya ndevu za mahindi, zikanyooka, na nilipomchana zilibaki mkononi mwangu bila kuvutwa. Kisha miguu ikajaa, mikono ikajaa, mashavu yakajaa. Huo ndio unene tuliousifu. Mke wa mchunga nguruwe ndiye aliyesifu kuliko wote. Watoto wake mwenyewe walikuwa wembamba, wenye kelele, wanapigana kutwa nzima kwenye tope, naye aliniuliza kwa mzaha nimempa nini huyu wangu akatulia hivi.

Halafu ngozi. Ilianza mapajani, madoa meusi yaliyong'aa, yakapasuka na kubanduka kama rangi ya mlango wa zamani, na chini yake nyama ikaonekana kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Watu waliacha kumshika mashavu. Wengine walisema nimemchoma.

Baba mdogo alimwita nyanya wa kambi, aliyezalisha wanawake wote pale na kuosha maiti zote. Alimgeuza mtoto huku na huku, akasema damu yake imegeuka maji, hana budi kufunguliwa. Alitoa wembe kwenye kitambaa. Mimi nilishika miguu, dada yangu akashika mikono. Nyanya alimchanja tumboni chale kumi na moja, nilizihesabu, na kila chale aliivuta kwa utulivu kama mtu anayefungua mshono. Aliyekuwa akilia ni dada yangu. Mtoto hakulia. Wembe uliingia na yeye akanitazama tu, macho makavu, kama anayetazama kazi ya watu wengine. Kwenye chale yalitoka maji, damu kidogo mno. Nyanya akapaka majivu na chumvi. Bado hakulia.

"Ona alivyo jasiri," nyanya akasema.

Mimi nilijua si ujasiri. Mtoto huyu alikuwa amewahi kupiga mayowe kwa sababu nimemwondolea kijiti.

Siku ya nne chale zilitoa usaha. Nilimwomba baba mdogo ruhusa ya kumpeleka hospitali ya Waafrika mjini Eldoret, ambao wazee wetu waliuita Sisibo. Akasema huko watu wa nyumba yetu wawili wameingia kwa miguu na kutoka kwa machela. Nikamwomba tena. Alinipiga kwa kigoda cha kukamulia, kikanipata juu ya sikio, na sikio hilo halikupona sawasawa. Alfajiri, alipokwenda kukamulisha, nilimfunga mtoto mgongoni nikaondoka. Njia ni ndefu. Mvua ilikuwa imefanya barabara tope, magari ya ng'ombe yamekwama, nami nilipita katikati yao. Mgongo wangu ulilowa, nikadhani amekojoa. Nilipomshusha niliona ni miguu yake iliyokuwa ikitoa maji kwenye nyufa za ngozi, maji meupe, yakichuruzika bila kukoma.

Dresa aliyetupokea, msaidizi wa daktari, alikuwa mtu wa kwetu, mfupi, kaptula ya kaki imepigwa pasi. Alimfunua mtoto, akaona chale, akauliza nani amefanya kazi ile. Nikasema nyanya. Akauliza nani alimshika mtoto. Nikasema mimi. Akanipiga kofi, kofi hasa, mbele ya wagonjwa wote, kisha akaendelea na kazi kama hajafanya kitu.

Alimbonyeza mtoto kwa kidole gumba juu ya unyayo, akahesabu kimya, akaondoa kidole. Shimo likabaki. Alinishika kidole changu akakibonyeza mahali pengine. Shimo la pili likabaki kando ya la kwanza.

"Anakula nini?" akauliza.

"Ugali na uji. Anashiba, Daktari."

"Na nini?"

"Na chumvi."

"Nimekuuliza ugali na nini."

Nikamfunika mtoto miguu.

"Mtoto huyu ana njaa," akasema.

Hasira ilinipanda. Nilimwambia mimi ndiye ninayelala njaa, huyu hajalala njaa hata siku moja, nampa mpaka cha kwangu, namsukumia mpaka anatapika. Nilipaza sauti. Mwanamke mmoja kwenye benchi alinivuta nguo nikae chini.

"Umemjaza," dresa akasema. "Hujamlisha."

Alinipeleka wodini akinisukuma begani. Kulikuwa na watoto watatu wa namna hiyo, na dresa alinilazimisha nimguse kila mmoja. Alinionyesha nywele, uso wa mviringo, miguu yenye maji, ngozi iliyopasuka. Akanionyesha mmoja ambaye hakuwa amevimba hata kidogo, amekaa tu ukutani, na mwanasesere wa matambara miguuni pake. Huyu, alisema, ndiye anayepaswa kukutisha, kwa sababu bado anaweza kuokolewa kwa urahisi na hakuna atakayemleta. Ukiona mtoto amekaa hachezi, hakasiriki, hataki kitu, usingoje avimbe. Mama yake huyu alimleta kwa kikohozi.

Kisha akaniambia vinavyotakiwa. Maharagwe, yachemshwe mpaka yalainike, yapondwe, maganda yaondolewe. Yai. Nilimwambia kwetu mtoto hapewi yai kabla hajasema, atakuwa bubu. Akaniuliza huyu wangu anasema maneno mangapi. Na maziwa, akasema, maziwa kuliko vyote. Hata yale ya mashine yaliyokwisha kutolewa krimu, ambayo Wazungu wanawapa nguruwe. Krimu ni mafuta tu, kinachojenga mwili kimebaki kwenye yale ya nguruwe. Yachemshwe. Apewe kidogo kidogo, mara nyingi, mchana kutwa.

Tulikaa siku tano. Mtoto alinyweshwa maziwa kwa kijiko, na siku ya nne uso wake ulipungua nikaona tena mifupa ya baba yangu ndani yake. Siku ya tano mtoto wa kitanda kile kile akatokwa na surua. Dresa aliniita pembeni, akasema nimtoe wangu humo upesi, surua ikimpata hatafika Jumapili. Nisipompa maziwa pia hatafika mwezi. Chale zilikuwa zimeanza kukauka.

Njiani kurudi sikufikiria kingine ila maharagwe. Kila Jumamosi nilikuwa nimeyabeba kwa mikono yangu mwenyewe kuwapelekea wale watoto wembamba wenye kelele. Kelele zao zilikuwa maharagwe yetu.

Sikuingia nyumbani. Nilimpa dada yangu mtoto, nikaenda kibanda cha pili, nikamkuta mke wa mchunga nguruwe anapepeta. Nilimwambia arudishe maharagwe. Akacheka.

"Maharagwe gani? Si yalishaliwa? Tena wewe mwenyewe uliniletea."

Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli nilimrukia. Nilimshika kitambaa cha kichwa na nywele pamoja, tukaanguka juu ya ungo, yeye chini. Alikuwa mwanamke mzima mwenye nguvu. Alinigeuza, akanikalia, akanipiga uso mpaka watoto wake wakaacha kupigana wakaja kutazama. Nilimng'ata kiganja. Mumewe ndiye aliyetutenganisha kwa ndoo ya maji machafu. Niliondoka na bakuli moja la maharagwe, nililolichukua mwenyewe kwenye chungu chake kikiwa motoni, na vidole viliungua. Hakunifuata. Nadhani alimwona mtoto wangu mlangoni, uso umepungua, ngozi imening'inia, akaelewa kitu.

Jioni baba mdogo alinipiga kwa kuondoka bila ruhusa. Nilimngoja amalize, kisha nikamweleza habari ya maziwa ya mashine. Kwake lilikuwa jambo jepesi: kila siku yeye mwenyewe alisimamia watu wakizungusha mashine, krimu ikaingia kwenye madebe ya kupelekwa mjini, na maziwa yaliyobaki yakamwagwa pipa kwa pipa kwenye hori la nguruwe. Kikombe kimoja kisingeonekana. Aliinuka kana kwamba nimemtukana.

"Watoto wa ndugu yangu hawali na nguruwe," akasema. "Afe akiwa mtu."

Alisema hivyo huku mtoto yuko miguuni pake. Si kwamba hakumpenda. Aliogopa kazi yake, kweli, Bwana alishawafukuza watu kwa chini ya hapo. Lakini zaidi ya kazi aliona aibu. Kambi nzima iliona hivyo. Watu walikuwa wakipita kando ya hori lenye maziwa wamebeba watoto waliovimba, wakageuza uso kwa sababu ya harufu.

Mtoto alikula maharagwe yaliyopondwa, vijiko viwili vitatu, kisha akafunga mdomo. Niliiba yai kwa kuku wa nyanya nikamlisha nikiwa nimejificha. Lakini baada ya siku tatu miguu ilianza kujaa tena.

Asubuhi ya siku ya nne niliingia kwenye zizi la nguruwe. Maziwa yalikuwa yamemwagwa wakati huo huo, bado yana povu. Nilichovya kikombe upande ambao pua zao hazijafika. Jike mmoja alikuwa na watoto, naye aliniona. Sikujua nguruwe ana mbio. Alinishika mkono chini ya kiwiko akatikisa kichwa, na nikaona nyama yangu ikifunguka kabla sijasikia maumivu. Nilimpiga kikombe juu ya pua, nikampiga tena kwenye jicho, nikampiga mpaka bati likakunjika, akaniachia. Nilichota tena kwa kile kikombe kilichokunjika. Nilifika nyumbani na maziwa nusu, yana damu yangu. Nikayamwaga, nikafunga mkono kwa kitambaa, nikarudi.

Siku ile alikunywa vijiko kumi vya maziwa yaliyochemshwa. Siku iliyofuata kikombe kizima. Siku ya tatu niliona bora nichote kwenye pipa, ndani ya nyumba ya maziwa, kabla hayajafika horini. Hapo ndipo Bwana aliponikuta.

Hakukasirika sana. Alikuwa na haraka ya kwenda mjini. Aliniuliza kwa Kiswahili chao, "Wewe iba maziwa ya nguruwe yangu?" kisha akamgeukia baba mdogo bila kungoja jibu. "Piga yeye kumi. Tena kesho mimi nakuta yeye hapa, wewe na yeye toka shamba yangu."

Baba mdogo alinilaza juu ya gunia mbele ya wakamuaji wote. Nilikuwa nimepigwa naye mara nyingi, lakini kwa mikono, kigoda, ukuni. Kiboko hakuwahi kukitumia nyumbani. Pigo la kwanza liliondoa pumzi yote, hata mayowe hayakupata njia. La tatu lilipasua nguo. Baada ya la sita niliacha kuhesabu nikawa nasikia tu sauti ya mashine, kwa sababu mtu wa kuzungusha hakuwa ameruhusiwa kusimama. Alipomaliza nilitapika. Wakamuaji walinipa nafasi nipite.

Usiku dada yangu alinipaka samli aliyoombaomba kwa watu. Baba mdogo alikaa mlangoni ametupa mgongo. Nilimsikia akisema, si kwa mtu, kwamba nisithubutu.

Asubuhi nilikwenda. Nilimwacha Bwana apite kwanza kwenye mazizi ya ng'ombe, nikaingia nyumba ya maziwa na kikombe changu. Baba mdogo alisimama kati yangu na pipa. Wakamuaji wawili walikuwapo, na wote tulijua mmoja wao anaitaka nafasi ya unyapara.

"Rudi nyumbani," akasema.

"Sirudi, Baba. Ukitaka nipige kwanza ndipo nichote. Nitachota."

Sikusema kwa ujeuri. Mgongo ulikuwa umeganda na nguo, sikuweza hata kuinua bega. Alinitazama, akamtazama yule mkamuaji. Akainua kiboko, akanipiga kimoja, kikali, juu ya vidonda vya jana. Alipokiinua cha pili nilikuwa nimekwisha kumpita, nimeinama juu ya pipa, mgongo wote umemwelekea. Cha pili hakikuja. Nilichota, nikafunika kikombe kwa kiganja, nikatoka.

Hatukuzungumza juu ya jambo hilo siku ile wala nyingine yoyote. Lakini ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi niliingia, akanipiga kiboko kimoja mbele ya mashahidi, nikachota kikombe kimoja. Mkamuaji hakuwa na la kumpelekea Bwana: mwizi alipigwa kila alipoonekana. Baada ya siku kadhaa nilijifunza kukaza mwili kabla hakijashuka. Baada ya siku kadhaa nyingine niligundua kwamba nacho kilikuwa kinashuka kwa sauti kubwa na uzito mdogo. Nguo yangu ndiyo iliyokuwa ikilia. Hata hivyo hakukosa siku, nami sikukosa.

Mke wa mchunga nguruwe alianza kuniachia bakuli la maharagwe mlangoni, kisha akaja mwenyewe siku moja amembeba mtoto wa dada yake, amekaa mkononi mwake kimya, mnene, nywele za rangi ile ile ya ndevu za mahindi. Hakusalimu. Aliniuliza tu nilivyokuwa nikimbonyeza wangu unyayo kwa kidole. Nikamwonyesha. Tulitazama shimo likikaa. Kesho yake tulikuwa wawili kwenye nyumba ya maziwa, na baba mdogo, aliyekuwa na haki ya kumpiga binti wa ndugu yake lakini si mke wa mtu, alishusha kiboko akatoka nje kutazama mvua mpaka tulipomaliza.

Kwa upande wangu hayo yote yalikuwa bado hayajaleta nilichokitaka. Uvimbe ulikuwa umetoka na kumwacha mtoto mifupa mitupu, kichwa kikubwa, makalio yamekunjika kama ya mzee. Alikunywa nilipomnywesha. Alikaa nilipomweka. Maji yalikuwa yametoka, lakini sikuona kilichoingia mahali pake. Kila siku nilimwita, nikapiga makofi mbele ya uso wake, nikamnyang'anya kikombe nione kama atakitaka. Alikiacha kiende.

Sijui ilikuwa wiki ya ngapi. Nilikuwa nimempakata, maziwa yamepoa, na nilikuwa nikizungumza na dada yangu habari ya kuni, kijiko kimesimama njiani. Nikasikia bati likinigonga mdomo. Alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili. Alinipiga nacho tena, jino la mbele likakatika, na maziwa yakatumwagikia wote wawili. Nilipojaribu kukichukua alinichimba shavu kwa kucha, akanishika nywele akavuta, akafungua kinywa akapiga mayowe ambayo sikuwa nimeyasikia tangu siku wanawake walipomtoa kwenye titi la mama. Alinipiga mateke. Alipiga ukuta. Alimng'ata dada yangu alipokuja kusaidia.

Damu ilinitoka mdomoni ikashuka kidevuni. Nilimwekea kikombe kingine mbele. Alikunywa, akavuta pumzi, akaanza upya. Alilia asubuhi ile yote, na mchana, na watu wakatoka vibandani. Nyanya alikuja na mkongojo wake, akasema kuna wagonjwa wanaotaka kulala, nimnyamazishe mtoto.

Sikumnyamazisha.